Nyekundu Msiiguse

Ijulikane kwanza kwamba wazo la vibendera lilikuwa la Kijiko mwenyewe. Hakuna aliyemshikia fimbo. Jina hilo la Kijiko binti huyo alibandikwa na mtaa wake utotoni, kwa sababu ya kichwa kikubwa na shingo nyembamba, na lilimganda hata baada ya kusoma, kuajiriwa na baraza la mji na kuanza kuitwa Afisa na watu wenye tai. Ofisini Afisa, mtaani Kijiko, naye aliitika kotekote.

Baraza lilitaka kuujenga upya mtaa huo huo aliokulia. Nyumba za chini zibomolewe, paje stendi mpya, soko la ghorofa na majumba ya kupangisha. Sheria inataka wananchi waulizwe kwanza, na namna wananchi wanavyoulizwa tunaijua sote. Wakubwa wanakaa mbele kwenye viti vyenye mito, wanahutubia mpaka migongo ya watu inawaka moto, kisha mmoja anauliza, "Kuna mwenye swali?" Kila mtu anamtazama jirani yake. Mmoja anakohoa. Mkutano unafungwa, wananchi wameridhia, makofi.

Kijiko alikuwa amechoshwa na mchezo huo. Alijua watu wa mtaa wake si mabubu. Wakiwa bombani wanaongea mpaka ndoo zinafurika. Wanachoogopa ni kusimama mbele ya mwenye mamlaka na kutamka "hapana" huku wakitazamwa usoni. Basi akabuni njia isiyohitaji mdomo. Mtaa mzima ulijengwa kwa maboksi juu ya meza, ndani ya ukumbi wa shule ya msingi, kila nyumba na paa lake, kila uchochoro mahali pake, hata bomba la maji likawekwa, kipande cha waya kilichopindwa. Kila mwenye nyumba angeingia, angechukua kibendera cha karatasi kwenye kijiti cha meno, angekichomeka juu ya paa lake. Kijani ni anayeukubali mradi, nyekundu ni anayeukataa. Hakuna jina, hakuna hotuba.

Mratibu wa mradi, bosi wake, alilipenda wazo hilo, hasa kwa kuwa lingetoka vizuri kwenye picha. Madiwani wangekaa asubuhi baada ya siku ya vibendera kuamua, na yeye alitaka kuwaonyesha kitu wanachoweza kukiona bila kusoma.

Lakini Kijiko hakuwa akiwaza madiwani. Alikuwa akimwaza Mama Mdogo, mdogo wa marehemu mama yake, aliyemlea tangu hajajua kufunga kamba za viatu. Mama Mdogo ni dobi. Ua wa nyumba yake umejaa kamba kutoka ukuta hadi ukuta, na kwenye kamba hizo huanikwa mashuka ya nyumba za wageni, makoti ya wauguzi na sare za walinzi. Pasi zake ni za mkaa, mbili, na anazipuliza hadi leo kwa sababu umeme, anasema, una kiburi. Ondoa ua ule na dobi amekwisha. Ghorofani ataanika wapi mashuka, dirishani?

Wiki iliyotangulia, Mama Mdogo alimuuliza akiwa amesimama mbele ya meza yake ya kupigia pasi, "Wataibomoa?"

"Ndiyo maana tunakuja kuwauliza, Mama," Kijiko alimjibu. "Mkikataa wengi, hawawezi kufumba macho. Itabidi warudi kufikiri upya."

"Basi niachie mimi. Nitawaleta wote, hata wale wavivu."

Na kweli aliwaleta. Asubuhi ya siku yenyewe Kijiko alishika kipaza sauti akasimama kwenye uwanja wa shule na kutangaza maana ya rangi zile, akarudia. Tatizo ni kwamba asubuhi uwanjani hapakuwa na watu wa maana, ila wauza maji na watoro wa shule. Watu wazima walikuwa kazini. Walianza kumiminika mchana, na waliofika mchana hawakusikia tangazo. Walisikia kile walichoambiwa kwenye foleni na waliotangulia.

Ndani ya ukumbi Kijiko alisimama kando ya meza, mikono nyuma, kama alivyojiwekea sharti: asimwelekeze mtu, asimtazame mtu kwa jicho la kumsukuma. Alisimama hivyo akiona kijani. Fundi viatu akaweka kijani. Mjane wa kona, ambaye mwezi mzima alikuwa akilaani stendi hiyo mpaka povu linamtoka, akaweka kijani. Mwanamke mmoja alimpiga mwanawe kofi la mkononi kwa kugusa tu kisanduku cha vyekundu. Wengine walikisukuma kisanduku hicho kwa kiwiko ili wasikikaribie. Paa baada ya paa, mtaa ule ukaota majani.

"Unaona?" Mratibu alimnong'oneza, akijifuta jasho kwa leso. "Mlikuwa mnasema watu hawataki maendeleo."

Kijiko alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa ugomvi, hata kwa mtu kupindua meza. Hakujiandaa kwa hili.

Kisha akaingia Mama Mdogo. Alikuwa amevaa gauni lake la safari, limepigwa pasi hadi mikunjo inakata. Aliinama juu ya meza akatafuta nyumba yake, akaipata, akatabasamu kuona kwamba mtu amekumbuka hata kuweka nyuzi uani. Akachukua kibendera cha kijani. Akakichomeka taratibu katikati ya paa, akakinyoosha kikasimama wima.

Hata Mama? Kijiko akajiuliza kama siku zote alikuwa akiwasemea watu ambao hawakumtuma. Labda wamechoka na mabati yanayovuja. Labda yeye ndiye anayeupenda mtaa huu kwa sababu halali tena ndani yake.

"Nimewaambia wote," Mama Mdogo alimwambia kwa sauti ya chini akipita, akamfinya kiganja. "Usiwe na wasiwasi, mwanangu."

Akatoka. Kijiko alibaki akitazama mgongo wake ukipotea mlangoni, na maneno yale hayakumkalia vizuri hata kidogo.

Aliyefungua fumbo ni Kinyozi. Huyu alikuwa wa mwisho mwisho, bado na nywele za wateja mabegani. Alichomeka kijani chake, akarudi nyuma hatua moja, akakitazama kama mtu aliyelipia kitu na anataka kuhakikisha kimefungwa vizuri.

"Kwa hiyo, Kijiko," alisema, "sisi wa kijani hatuguswi?"

"Hamguswi vipi?"

"Si ndiyo hivyo? Nyumba yenye kijani inabaki."

Ukumbi ulikuwa na joto la bati la alasiri. Kijiko alimsogelea. "Kinyozi, wewe unautaka huu mradi?"

"Niutake nina wazimu? Nikanyolee watu ghorofa ya tano?"

"Sasa kwa nini hukuweka nyekundu?"

Kinyozi alimtazama kwa mshangao wa kweli. Kisha akanyanyua kidole, akachora hewani, mbele ya kifua chake, mistari miwili inayokatana. "Nyekundu? Niipige nyumba yangu alama kwa mkono wangu mwenyewe?"

Hapo Kijiko akaelewa, na alipoelewa alitamani ardhi ipasuke. Miaka ile alipokuwa chuoni, barabara ya nyuma ya mtaa ilipanuliwa. Walikuja watu na kopo la rangi nyekundu na brashi, wakapita ukuta kwa ukuta wakipiga alama ya X. Nyumba iliyopigwa X haikupona hata moja upande ule. Ukuta wa Mama Mdogo nao ulipigwa, kimakosa ilisemekana baadaye, barabara ikapinda kabla ya kumfikia. Lakini yeye hakujua kwamba ni kosa. Alisugua ile alama kwa sabuni na brashi ya nguo mpaka vidole vikachubuka, dobi aliyeshinda madoa ya damu na ya mafuta, na ile rangi haikutoka. Akaipaka chokaa. Mvua zikija, uwekundu hujitokeza tena kwa mbali, na yeye hupaka chokaa nyingine. Wakati huo Kijiko alikuwa akipiga simu, naye akiambiwa, "Huku salama tu, wewe soma."

Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Na yeye, msomi wao, aliwachagulia nyekundu kwa sababu vitabuni nyekundu maana yake ni kataa. Mtu yeyote aliyekuwa akilala mtaani miaka ile angemwambia. Hakuuliza. Yeye, aliyekuja kuuliza watu, hilo hakuuliza.

Mratibu alikuwa tayari amepanda juu ya kiti, simu mkononi, akipiga picha ya meza.

"Bosi," Kijiko alisema. "Hapa kuna kosa. Hawajaukubali mradi. Kwao nyekundu ni nyumba ya kubomolewa, na kijani wameichukua kama kinga. Wamekuja kuziokoa nyumba zao."

Mratibu alishuka kitini polepole. Hakuwa mtu mbaya, na hiyo ndiyo shida ya watu kama yeye: mbaya ungemtukana ukamaliza. "Asubuhi nani alitangaza maana ya rangi?"

"Mimi."

"Rangi nani alichagua?"

"Mimi."

"Sasa kesho nikasimame mbele ya madiwani niseme nini? Kwamba Afisa wangu alikosea rangi, naomba mwezi mwingine?" Akashusha sauti, ikawa karibu ya huruma. "Sikiliza, dada. Ajira yako ya kudumu inapita kwenye kikao hicho hicho. Usijichimbie kaburi. Hakuna aliyewashika mkono. Wameweka wenyewe."

Na ni kweli, waliweka wenyewe. Kijiko aliitazama meza. Kunyamaza kulikuwa rahisi mno. Hakuna ambaye angejua. Tingatinga lingekuja, Mama Mdogo angelia, angeilaani serikali na ndugu zake wote, kisha angehamia kwake na masanduku yake, na kila asubuhi angemwamsha na chai bila kujua anamwamsha nani. Hilo ndilo lililomtisha Kijiko kuliko kufukuzwa kazi. Aliogopa kupendwa hivyo.

Akachukua kipaza sauti, akatoka nje.

Uwanjani palikuwa na furaha ya watu waliopona. Walikuwa wamejazana penye kivuli cha madarasa, wakicheka kwa sauti, wakimpongeza Mama Mdogo kwamba bila yeye wengine wangekwisha kujimaliza. "Niliwaambia," alikuwa akisema, "nyekundu msiiguse." Kijiko alisubiri wanyamaze. Hawakunyamaza, ikabidi aseme hivyo hivyo.

"Jamani. Nawaomba mnisikilize. Kijani maana yake mmekubali kubomolewa."

Kicheko kilikatika.

Aliwaeleza yote, bila kupamba. Kwamba rangi alichagua yeye. Kwamba kwa baraza, nyekundu ndiyo hapana. Kwamba ukumbi bado haujafungwa, na asiyeutaka mradi arudi sasa hivi, aondoe kijani, aweke nyekundu.

Hakuna aliyesogea.

"Ngoja kwanza," Kinyozi alisema. "Mchana kijani, jioni nyekundu. Kesho mtatuletea bluu?"

"Ametumwa huyo!" sauti ikatoka nyuma. "Wanataka tuzitie alama wenyewe. Wakija na matingatinga watasema, si ninyi mliopiga nyekundu?"

"Hata wale wa barabara walikuja na maneno matamu!"

Mjane wa kona akamsogelea Kijiko mpaka pumzi zikagusana. "Wewe Kijiko. Nimekubeba mgongoni mimi. Siku hizi wewe ni wa nani?"

Kila alilosema Kijiko liligeuka mkononi mwake. Aliona nyuso alizozijua tangu utoto zikimtazama kama zinavyomtazama mtu mwenye kopo la rangi, akahisi machozi yanakuja, akayameza kwa hasira. Mratibu alikuwa amesimama mlangoni, amefunga mikono. Hakuhitaji kusema neno. Mtaa ulikuwa ukimfanyia kazi yake.

Kisha, mmoja baada ya mwingine, watu wakageuka kumtazama Mama Mdogo. Yeye ndiye aliyewaleta. Yeye ndiye aliyesema kijani.

Furaha ilikuwa imemtoka usoni yote, na bila furaha ile alionekana mzee. Akasogea mbele ya Kijiko.

"Niangalie."

Kijiko akamwangalia.

"Ni kweli unayosema? Nyekundu ndiyo kukataa?"

"Ni kweli, Mama."

"Huyo mkubwa wako hakukutuma?"

"Mkubwa wangu amenikataza."

Mama Mdogo aligeuka akamtazama Mratibu mlangoni, kwa muda, kama anavyolitazama shati la mteja akikadiria doa ni la nini. Kisha akamwambia, "Nipishe, baba," na Mratibu akapisha.

Watu walijazana madirishani. Mama Mdogo aliinama juu ya meza, akang'oa kijani chake, akakiweka pembeni kwa adabu. Kisanduku cha vyekundu kilikuwa kimejaa vile vile kilivyoletwa. Alichukua kimoja kwa ncha za vidole. Mkono wake, ule ulioinua pasi za mkaa maisha yote bila kuyumba, ulikuwa ukitetemeka kiasi kwamba mara ya kwanza alikosa paa akachoma uchochoro. Akachomoa. Midomo yake ilikuwa ikisema kitu, dua au tusi, haikusikika. Akafumba macho, akachomeka.

Dirishani mtu alitoa mguno kama aliyeona mtoto akianguka.

"Haya," Mama Mdogo alisema, akijaribu kucheka. "Kama Kijiko amenidanganya, mtanikuta kwake nimelala kitandani na yeye chini."

Wachache walicheka. Fundi viatu akaingia. Kisha mjane wa kona, akisonya kila hatua. Hawakuja wote; wapo walioondoka moja kwa moja nyumbani, na kijani zao zikabaki, na hakuna wa kuwalaumu. Kinyozi aling'oa kijani chake akasimama na chekundu mkononi muda mrefu, kisha akasema, "Geukeni kule. Msinitazame." Ukumbi mzima ukageuza nyuso ukutani mpaka akamaliza.

Jua lilikuwa limeshashuka hadi kwenye madirisha Mratibu alipopanda tena juu ya kiti. Alipiga picha ya pili, bila kutabasamu. Nyekundu zilikuwa nyingi kuliko kijani, hilo halikuhitaji hesabu.

"Zote mbili zitakwenda kikaoni," alimwambia Kijiko. "Wenyewe watachagua ya kuamini. Na wewe njoo asubuhi na mapema, uje kueleza." Hakupandisha sauti. Alifunika meza kwa karatasi ya nailoni, akazima taa.

Nje, watu walikuwa wametawanyika bila kelele. Mama Mdogo alikuwa akimngoja penye ngazi za darasa, amekaa, amekumbatia mkoba wake. Kijiko akakaa kando yake.

"Sasa," Mama Mdogo aliuliza, "nyumba imepona?"

Neno "imepona" lilikuwa tayari ulimini. Lingemtoka bila jasho, na usiku huo mwanamke huyu angelala.

"Sijui, Mama. Madiwani ndio wataamua. Lakini sasa wanajua kwamba umekataa."

Mama Mdogo alitikisa kichwa taratibu. "Mimi sikuja hapa wajue ninachotaka, mwanangu. Nilikuja ili nyumba ibaki."

"Najua."

"Hujui." Alinyoosha kiganja chake mbele yao wote wawili, akakitazama. "Miaka yote hii nasugua ile rangi itoke. Leo nimeipaka kwa mkono wangu mwenyewe. Kwa sababu umesema wewe."

Akainuka, akakung'uta gauni, akashika njia ya nyumbani. Kijiko alimfuata nyuma, hatua kadhaa, bila kujua kama amekaribishwa.